Kwenda Chuoni na Swali: Maneno Machache juu ya Shahada ya Pili ya Uhandisi Mitambo

Nimepewa nafasi hii niseme nanyi juu ya jambo linalozungumzwa sana siku hizi katika nyumba zetu, nalo ni hili: kijana aliyekwisha kupata shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo, je, yafaa aendelee kuitafuta shahada ya pili? Na kama yafaa, aende lini, na aende na nini mkononi? Nasema hasa na jirani zangu wa Tabata, tangu Relini mpaka Segerea, lakini maneno haya yawahusu pia wazazi wa Temeke, wa Kinondoni, na wa kila mahali ambapo mtoto amesoma akafika mbali, na nyumba nzima yamtazama ione atakwenda wapi.

Kwanza tuelewane juu ya maana ya maneno yenyewe. Uhandisi mitambo ni elimu ya vitu viendavyo kwa nguvu. Mhandisi wa namna hiyo hujifunza jinsi joto linavyogeuka kuwa mwendo, jinsi chuma kinavyochukua mzigo na jinsi kinavyochoka, na jinsi maji, hewa na mvuke vinavyopita katika mabomba. Pampu ya kisima, jokofu la muuza samaki, injini ya daladala, kitanda cha hospitali kinachoinuka na kushuka, yote hayo ni mambo yake. Jirani yetu wa Kinyerezi atupa mfano mzuri. Pale pana mitambo ya kufua umeme kwa gesi asilia, na ule wa pili, wenye uwezo wa megawati 240, ulizinduliwa mwaka 2018. Gesi huchomwa, na moshi wake wenye nguvu huzungusha gurudumu la kwanza. Moshi huo ukitoka ungali na joto kali. Basi badala ya kuachwa upotee hewani, hupitishwa kwenye mabomba ya maji, maji yakawa mvuke, na mvuke ukazungusha gurudumu jingine. Moto mmoja umefanya kazi mara mbili. Mtu aliyefikiri hivyo mara ya kwanza alikuwa anafikiri kama mhandisi mitambo.

Shahada ya kwanza ya elimu hii huchukua miaka 4 katika nchi yetu. Baada yake huja shahada ya pili, iitwayo ya uzamili au ya umahiri, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 2 hivi. Kisha huja ya tatu, ya uzamivu, ambayo huchukua miaka 3 au zaidi. Jina hilo la mwisho latokana na kuzama, kama azamavyo mtafuta lulu. Wazee walisema elimu ni bahari. Basi shahada ya kwanza humfundisha mtu kuogelea, ya pili humfundisha kupiga mbizi na kurudi na kitu, na ya tatu humtaka akae chini ya maji muda mrefu, alete kitu ambacho hakijapata kuletwa na mtu mwingine.

Njia ya elimu hii katika Afrika ya Mashariki haikuwa fupi. Makerere, ambayo leo yajulikana duniani kote, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na wanafunzi wake 14 wa kwanza walijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kijana wa nchi hii aliyetaka kuwa mhandisi alilazimika kwenda mbali. Chuo cha ufundi cha kifalme kilifunguliwa Nairobi mwaka 1956, na wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, tangu 1963 hata 1970, masomo ya uhandisi yalikuwa huko Nairobi. Hapa Dar es Salaam, Kitivo cha Uhandisi kilianzishwa mwaka 1973 pale Mlimani, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Mjini palikuwapo pia chuo cha ufundi tangu mwaka 1957, ambacho mwaka 1997 kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Teknolojia. Na huko Arusha, mwaka 2011, ilifunguliwa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambayo ni kwa ajili ya wale wanaoendelea baada ya shahada ya kwanza.

Nimeyataja hayo kwa sababu moja. Babu zetu waliuliza, “Je, mtoto wetu ataweza kufika?” Leo mlango u wazi. Mtu aliye Tabata aweza kupanda gari asubuhi, akasoma Mlimani mchana, na kulala nyumbani kwao. Sasa swali limegeuka: mtoto anakwenda kufanya nini? Hilo ndilo ambalo wazazi wengi hawaliulizi, na vijana wengi hawana jibu lake.

Basi niwaonyeshe kazi ya shahada ya pili kwa mfano wa kitu tunachokijua sote, nacho ni mashine ya kusaga mahindi. Hakuna mtaa wa Tabata usio na mashine hiyo, na sauti yake twaijua kuliko sauti ya saa. Ndani yake mna vyuma vifupi viitwavyo nyundo. Vyazunguka kwa kasi kubwa na kuyapiga mahindi mpaka yavunjike na kupenya katika matundu ya chekeche. Nyundo hizo huisha. Zikiisha, unga huwa wa chengachenga, umeme hutumika mwingi, na mwenye mashine hulalamika. Tena chuma kilichokwisha hakikupotea hewani. Kingine kimeingia katika unga, na unga umekwenda kuliwa.

Fundi wa mtaani aijua dawa yake. Huchukua kipande cha springi kuukuu ya lori, akakikata, akakitoboa, akakitia motoni mpaka kiwe chekundu, kisha akakizamisha katika maji au mafuta. Akiwa hodari, huitambua rangi ya chuma motoni kama mpishi atambuavyo rangi ya kitunguu katika sufuria. Elimu hiyo ni ya kweli, nami siidharau hata kidogo. Aliipata kwa kutazama, kwa kuungua vidole, na kwa kurudia kazi ileile miaka mingi.

Kijana wa shahada ya kwanza aijua sababu. Atakuambia kwamba chuma cha namna hiyo kikipashwa joto la zaidi ya nyuzi 800 kisha kikapozwa ghafula, huwa kigumu sana lakini chepesi kuvunjika. Na kwamba kikirudishwa katika moto mdogo, hupungukiwa na ugumu kidogo na kupata uvumilivu. Aweza kukokotoa mwendo wa nyundo na nguvu ya pigo lake. Yote hayo yamo vitabuni, naye ameyasoma, na amefanya mtihani wake.

Lakini sasa mwenye mashine auliza hivi: “Nyundo ya springi kuukuu, na nyundo ya chuma kipya cha dukani ambacho bei yake ni kubwa zaidi, ipi itanisagia magunia mengi kabla haijaisha? Ipi itakula umeme mdogo? Na ipi itamwaga chuma kidogo katika unga wa wateja wangu?” Fundi ana maoni yake, na yule kijana ana maoni yake. Maoni hayo hayatoshi, na jibu halimo nyuma ya kitabu. Lazima mtu apime. Azipime nyundo kwa mizani kabla ya kusaga na baada ya kusaga. Atumie mahindi ya aina moja, yenye ukavu mmoja, na mashine yenye mwendo mmoja, ili kama ikitokea tofauti ajue imetoka kwenye chuma na haikutoka mahali pengine. Arudie mara nyingi, maana mara moja yaweza kuwa bahati. Aandike kila tarakimu, hata ile isiyompendeza. Aichukue sumaku autafute uchafu wa chuma katika unga. Kisha asome waliyoyaandika watu wa India, wa Nigeria na wa mahali pengine waliojaribu jambo kama hilo, aone wapi anakubaliana nao na wapi hakubaliani. Mwisho aandike kitabu kidogo, kiitwacho tasnifu, asimame mbele ya wataalamu, naye aulizwe maswali mpaka jasho limtoke.

Hiyo, wasikilizaji wangu, ndiyo kazi ya shahada ya pili. Katika ile ya kwanza mwanafunzi hujibu maswali ambayo mwalimu anayajua majibu yake. Katika hii ya pili, mwalimu mwenyewe hajui jibu. Yeye ajua tu namna ya kulitafuta kwa uaminifu. Kwa hiyo anayekwenda huko bila swali ni kama mtu aliyekwenda kisimani bila ndoo. Atayaona maji, pengine atakunywa kidogo kwa viganja, lakini nyumbani atarudi mikono mitupu.

Labda mtu atasema, “Mwalimu, maswali makubwa ni ya Wazungu wenye vyombo vikubwa. Sisi tutauliza nini?” Namjibu kwa habari ya kijana wa nchi hii hii. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, kule Lushoto, alikuwako mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Desturi ilikuwa kuyachemsha maziwa, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa chache, basi Mpemba akayaingiza maziwa yake yangali ya moto. Akaona ajabu: yake yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Akamwuliza mwalimu wake sababu. Hakupata jibu ila kuambiwa kwamba amechanganyikiwa, na baadaye alichekwa.

Lakini hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia aitwaye Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akamwuliza jambo lile lile mbele ya wenzake. Osborne hakumcheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 majina ya wote wawili, mwalimu wa chuo kikuu na yule kijana, yaliandikwa pamoja juu ya makala katika jarida la elimu ya fizikia la Uingereza. Tangu siku hizo ulimwengu waliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Hata leo wataalamu hawajapatana juu yake: wengine walipima wakaona ni kweli, wengine walipima kwa uangalifu mkubwa wasilione. Huko kutopatana si aibu ya Mpemba hata kidogo. Swali lililotoka kwenye chombo cha maziwa ya shuleni limewafanya watu wenye shahada za tatu wapime na kupima tena kwa zaidi ya nusu karne. Nani basi atasema kwamba mashine ya unga ya Tabata haistahili kuulizwa swali?

Tena yuko mtu mwingine. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, wilaya ya Karatu, aliyajua tangu utoto maradhi yanayotokana na maji machafu. Alisoma uhandisi wa kemikali, ambao ni ndugu wa uhandisi mitambo, akafika hata shahada ya tatu huko Korea ya Kusini, akarudi kufundisha Arusha katika Taasisi ya Nelson Mandela. Alibuni chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na chembe ndogo mno zilizotengenezwa kwa elimu hiyo aliyoipata. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, naye alikuwa mtu wa kwanza kabisa kuipata. Mwangalieni vizuri: vyombo alivikuta ugenini, lakini swali alitoka nalo nyumbani.

Sasa nije kwenye mashauri, maana hotuba isiyo na shauri ni ngoma isiyo na mchezaji.

Shauri la kwanza ni hili: usikimbilie shahada ya pili kwa sababu hujapata kazi. Najua uchungu wa kijana aliyemaliza Mlimani, akatuma barua nyingi, na jibu lisije. Nyumbani watu waanza kumtazama, na yeye aona afadhali kurudi darasani kuliko kukaa barazani. Namhurumia sana. Walakini miaka 2 ya darasani haitaondoa hofu yake. Itaiahirisha tu, na deni litakuwa limeongezeka. Afadhali aingie karakana, hata kwa ujira mdogo, aone mashine zinavyoharibika. Ipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, na tangu mwaka 2003 Bodi hiyo ina mpango wa kuwapa wahitimu mafunzo ya kazi kwa miaka 3 chini ya wahandisi waliokomaa. Tena kijana ajue kwamba kuwa na shahada na kuwa mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa ni mambo mawili. Usajili huo hutaka mazoea ya kazi, na shahada ya pili peke yake haiwezi kukaa mahali pa mazoea hayo.

Shauri la pili: wakati unapofanya kazi, uwe na daftari. Kila mara kitu kinapovunjika na mkubwa wako anaposema, “Ndivyo kilivyo siku zote,” kiandike. Maneno hayo ndiyo dalili ya swali ambalo hakuna aliyelichunguza. Kwa nini beringi za pampu ile huisha kila miezi 3? Kwa nini boila ile yala kuni nyingi kuliko yake fulani? Baada ya miaka 2 au 3 utakuwa na maswali 30. Mengi yatakuwa madogo, mengine yatakuwa yamekwisha kujibiwa na watu wengine, lakini moja au mawili yatakuwa mazuri. Hilo moja ndilo la kupelekwa chuoni.

Shauri la tatu ni la masharti. Vyuo vyetu humtaka mwombaji wa shahada ya pili awe na shahada ya kwanza ya daraja la pili angalau, yaani wastani usiopungua 2.7 katika hesabu ya 5. Kwa hiyo wale walio bado katika shahada ya kwanza wasizembee mwaka wa kwanza wakidhani watafidia mwaka wa nne, maana wastani una kumbukumbu ndefu. Tena ziko njia mbili. Wengine husoma masomo darasani kisha huandika tasnifu fupi; wengine hufanya utafiti peke yake tangu mwanzo hata mwisho. Aliye na swali lililokomaa aweza kuchagua njia ya utafiti. Ambaye bado alitafuta swali lake, au aliyepungukiwa na hisabati, na afuate ile ya darasani kwanza. Na kabla ya kuchagua chuo, amchague msimamizi. Asome aliyoyaandika mwalimu huyo, amwandikie barua fupi ya adabu yenye swali lake ndani. Mwalimu mwenye kazi nyingi hatajibu barua isemayo, “Naomba nafasi.” Lakini barua isemayo, “Nimeona jambo hili katika karakana yetu, nimelipima hivi, nami sielewi sababu,” hiyo ataisoma mara mbili.

Shauri la nne ni la fedha, nalo nawaambia hasa wazazi. Mikopo ya serikali, itolewayo na Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imeelekezwa zaidi kwa shahada ya kwanza. Kwa shahada ya pili nyumba nyingi hujitegemea. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alinijia akanieleza kwamba anataka kuuza kiwanja chake ili mwanawe akasome. Nikamwuliza, “Kijana ataka kuchunguza nini?” Mzee akamwita mwanawe, naye akajibu kwamba ataka kuongeza elimu. Nikawaambia wote wawili, kwa heshima, kwamba kiwanja kikae kwanza. Elimu haiongezwi kama maji katika mtungi. Siku kijana atakapoweza kumweleza baba yake, kwa maneno ambayo baba atayaelewa, ni kitu gani ataka kukijua na kitamsaidia nani, siku hiyo wakae tena wazungumze habari ya fedha. Na siku hiyo yumkini kiwanja hakitauzwa, kwa sababu mwenye swali hupata wasaidizi. Mwajiri aweza kumlipia, ikiwa jibu litampunguzia hasara. Mwalimu wa chuo mwenye fedha za utafiti aweza kumchukua kuwa msaidizi wake.

Ziko pia nafasi za ugenini. Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao mpango wake ulikubaliwa mwaka 1959. Ujerumani ina shirika liitwalo DAAD. Japani ilitangaza mwaka 2013 mpango uitwao ABE, unaowapa vijana wa Afrika shahada ya pili pamoja na mafunzo katika kampuni za huko. Na Marekani iko desturi ambayo wengi wetu hawaijui: mwanafunzi wa utafiti, hasa wa shahada ya tatu, mara nyingi halipi ada, bali hulipwa posho kwa kuwa msaidizi wa profesa katika utafiti au katika kufundisha, tena vyuo vingi huko humpokea katika shahada ya tatu mtu aliye na ya kwanza tu. Lakini jihadharini na matapeli. Mtu akikuambia utume fedha kwanza ndipo ufadhili utoke, mwache aende zake. Na kabla ya kukubali chuo chochote cha ng'ambo, hakikisheni kwamba shahada yake itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kijana asije akarudi na karatasi isiyokubaliwa na mtu.

Shauri la tano lawahusu mabinti. Bado wako wazazi wasemao kwamba karakana ina mafuta machafu na kelele, si mahali pa binti. Mimi nafundisha waalimu wa kesho, wanaume na wanawake, nami nasema wazi: sijaona bado mashine inayomwuliza mtu jinsia yake kabla ya kukubali kupimwa. Tena ni nani ajuaye taabu ya jiko la mkaa, ya ndoo ya maji, na ya unga wenye chenga, kuliko binti aliyelelewa nazo? Maswali anayo mengi tayari. Tumpe nafasi ya kuyapeleka mahali yatakapojibiwa.

Hapa wazee wa karakana hunipinga. Husema, “Mwalimu, tumewaona hao wenye shahada mbili. Waongea sana, lakini wakipewa spana hawajui waishike upande gani.” Mimi siwapingi moja kwa moja, kwa maana wamesema kweli nusu. Mtu asiyepata kugusa mashine atapima vitu visivyofaa kitu. Ndiyo sababu nimesema kazi itangulie. Lakini wazee nao wakubali nusu nyingine. Fundi akifa, rangi ya chuma aliyoitambua motoni hufa pamoja naye, kama hakumrithisha mtu. Jambo lililopimwa na kuandikwa laweza kusomwa Tabata, Mwanza, Kigoma, na Mombasa, hata na mtu ambaye bado hajazaliwa. Mwenye shahada na amketi fundi miguuni, amwulize, kisha amwandikie yale aliyoyajua na ayapime. Na hapo wote wawili watakuwa wametenda kazi moja.

Na maswali ya Tabata hayajaisha. Wengi wenu mwajua kituo kiitwacho Dampo, lakini vijana pengine hawajui jina hilo lilitoka wapi. Zamani pale palikuwa jaa la mji mzima. Moshi, nzi na harufu viliwasumbua wakazi mpaka mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji, na mahakama ikaamuru taka zisiendelee kutupwa hapo. Ulikuwa ushindi wa haki, nasi tuliofuata twaufaidi. Lakini taka zenyewe hazikukoma. Zilihamishiwa kwa watu wengine, na kwa miaka mingi zimekuwa zikipelekwa Pugu Kinyamwezi. Hukumu yaweza kulihamisha jaa. Kulipunguza jaa ni kazi ya elimu: tanuri lichomalo bila moshi mbaya, mashine ya kutenga plastiki, mtambo wa kugeuza maganda ya ndizi na mabaki ya sokoni kuwa gesi ya kupikia. Je, taka zetu zina maji kiasi gani ndani yake, na kwa hiyo zaweza kuungua kwa namna gani? Taka za Ulaya hazina maji sawa na za kwetu, na tanuri lililopimwa kwa taka za kule laweza kushindwa hapa. Hilo ni swali linalomngoja mtu mmoja mwenye subira, mizani, na joho la shahada ya pili.

Tazameni pia treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, na bwawa la Julius Nyerere lenye mashine 9 za kufua umeme, kila moja megawati 235. Vitu hivyo vilijengwa kwa msaada wa wageni, nao walifanya kazi waliyoagizwa. Lakini mgeni huenda kwao, na chuma chaanza kuchoka tangu siku ya kwanza. Baada ya miaka 20 ni nani atakayejua, kwa kipimo, sehemu gani imechoka na sehemu gani bado ina uhai? Kama hatukuwa na watu wetu waliofundishwa kutafuta jibu lisilomo kitabuni, tutawaita wageni tena, nasi tutalipa tena. Hiyo ndiyo gharama ambayo mzazi haioni anapohesabu ada, na ambayo nchi huiona imechelewa.

Nimalize kwa ombi moja dogo. Vijana mnaonisikiliza, usiku huu kabla ya kulala, chukueni karatasi mwandike swali moja juu ya mashine moja mliyoigusa kwa mikono yenu. Lisiwe swali kubwa la kuwapendeza watu. Liwe la kweli. Kesho mlipeleke kwa fundi mmoja na kwa mwalimu mmoja, mwaone wawili hao wanajibuje. Wakijibu wote sawasawa, mmejifunza jambo. Wakipingana, litunzeni swali hilo, maana huenda mmepata ndoo ya kwendea kisimani. Nanyi wazazi, mtoto akija na karatasi hiyo, tafadhali msimcheke.